Muamala wa hifadhidata

Muamala wa hifadhidata ni kundi la hatua ambazo mfumo wa hifadhidata huzitekeleza kama tendo moja lisilogawanyika: ama hatua zote zinafanyika, ama hakuna hata moja inayofanyika. Neno muamala limetoka Kiarabu na zamani lilitumika zaidi katika biashara na sheria, likiwa na maana ya shughuli au mapatano kati ya watu. Tangu huduma za pesa kwa simu zienee Afrika Mashariki, watu wengi wamelizoea kupitia ujumbe mfupi unaowafikia baada ya kutuma au kupokea pesa. Maana hizo mbili zinakaribiana, lakini si moja. Muamala mmoja wa kibiashara, kwa mfano kununua umeme kwa simu, unaweza kuhitaji miamala kadhaa ya hifadhidata katika kompyuta za taasisi mbili au tatu.

Waandishi wa programu wamebishana kuhusu miamala kwa zaidi ya miaka arobaini: iwe mikali kiasi gani, ilindwe na hifadhidata au na programu inayoitumia, na lugha ipi ya programu inafaa kwa kazi hiyo. Mabishano hayo yanaonekana ya kitaalamu mno, lakini matokeo yake humfikia mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Mfano: pesa inayotumwa Nyanungu

Nyanungu ni kata ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kama ilivyo katika kata nyingi za vijijini, mtu anayetumiwa pesa kutoka mjini huzipokea kwenye simu na kuzitoa kwa wakala.

Tuseme kijana anayefanya kazi Mwanza anamtumia mama yake aliyeko Nyanungu shilingi 50,000 ili mtoto apelekwe hospitali. Kijana ana salio la 120,000, mama ana 3,000. Tukiacha makato, mfumo unapaswa kufanya mambo manne: kuhakikisha salio la kijana linatosha, kulipunguza hadi 70,000, kuliongeza la mama hadi 53,000, na kuandika kumbukumbu ya tukio hilo. Kwa mtumaji ni tendo moja. Kwa kompyuta ni maandishi kadhaa katika sehemu mbalimbali za diski, na kati ya andiko moja na lingine umeme unaweza kukatika, diski inaweza kujaa au programu inaweza kuanguka.

Ikiwa kompyuta itazimika baada ya hatua ya pili, shilingi 50,000 zimetoka kwa kijana na hazijafika kwa mama. Hazipo popote. Kugeuza mpangilio hakusaidii, kwa sababu ukianza kwa kumwongezea mama, kuzimika katikati kutaacha shilingi 50,000 ambazo hakuna aliyezitoa. Hakuna mpangilio wa hatua unaoondoa tatizo hili. Kinachohitajika ni njia ya kuuambia mfumo kwamba hatua hizi zinaishi pamoja au zinakufa pamoja.

Katika lugha ya SQL, ambayo hutumiwa na hifadhidata nyingi, jambo hilo huandikwa hivi:

BEGIN;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 50000 WHERE namba = 1;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 50000 WHERE namba = 2;
COMMIT;

BEGIN hufungua muamala na COMMIT huuthibitisha. Kabla ya COMMIT, amri ya ROLLBACK hubatilisha kila kitu na kurudisha hali ya mwanzo. Mfumo ukizimika kabla ya uthibitisho, utakapowaka utabatilisha wenyewe muamala ulioachwa njiani. Mifumo halisi ya pesa ina mengi zaidi ya mistari hii minne. Mara nyingi haibadilishi salio tu, bali huandika kila ingizo la kutoa na la kupokea kama wahasibu wanavyofanya, na salio huwa jumla ya maingizo hayo. Hata hivyo kiini chake ni hicho.

Sifa nne

Mwaka 1983 wanasayansi wawili Wajerumani, Theo Härder na Andreas Reuter, walizikusanya sifa za muamala chini ya kifupi cha herufi nne, ACID, ambacho wanafunzi wa kompyuta hukariri hadi leo. Herufi zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutogawanyika, uthabiti, utengano na udumifu.

Kutogawanyika ndiko kulikoelezwa katika mfano wa Nyanungu. Uthabiti maana yake ni kwamba muamala huichukua hifadhidata kutoka hali moja halali na kuiacha katika hali nyingine halali. Kwa mfano, salio lisiwe chini ya sifuri. Katika pesa za simu kuna kanuni kubwa zaidi ya aina hiyo, kwamba jumla ya pesa zote zilizomo kwenye akaunti za wateja ilingane na fedha halisi zilizowekwa benki katika akaunti ya amana kwa niaba yao. Wengi husema sifa hii ni ya programu zaidi kuliko ya hifadhidata, kwani hifadhidata haiwezi kujua kanuni ambayo haikuambiwa, na katika hilo wana hoja.

Udumifu ni ahadi kwamba muamala ukishathibitishwa hautapotea hata umeme ukikatika sekunde inayofuata. Hutekelezwa kwa daftari la mabadiliko. Kabla ya kugusa kumbukumbu zenyewe, mfumo huandika mwishoni mwa daftari hilo kile unachokusudia kufanya, na huhakikisha andiko limefika kwenye diski. Baada ya ajali husoma daftari, hurudia yaliyothibitishwa na kufuta yasiyothibitishwa. Mwenye duka anayeandika mkopo kwenye daftari kabla ya kumkabidhi mteja mfuko wa sukari anafuata kanuni hiyohiyo, na kwa sababu ileile.

Utengano ni sifa inayohusu miamala mingi inayokwenda kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo yenye utata, na inastahili sehemu yake.

Utengano

Fikiria mume na mke wenye akaunti moja ya benki yenye shilingi 200,000. Mke yuko Tarime mjini na kadi, mume yuko nyumbani Nyanungu na simu iliyounganishwa na akaunti hiyo. Mke anaomba kutoa 150,000. Sekunde hiyohiyo mume anatuma 80,000. Muamala wa kwanza unasoma salio, 200,000, unaona linatosha. Wa pili nao unasoma 200,000, unaona linatosha. Wa kwanza unaandika 50,000. Wa pili unaandika 120,000 juu yake. Zimetoka 230,000 kutoka kwenye akaunti ya 200,000, na bado daftari linaonyesha zimebaki 120,000. Kila muamala peke yake haukuwa na kosa. Kosa limezaliwa na kukutana kwao.

Dawa ya zamani ni kufuli. Muamala unaotaka kubadilisha akaunti huifunga kwanza, na mwingine husubiri mlangoni. Kufuli huleta balaa lake. Ikiwa Juma anamtumia Neema na papo hapo Neema anamtumia Juma, muamala wa kwanza unaweza kuifunga akaunti ya Juma na kusubiri ya Neema, huku wa pili umeifunga ya Neema na kusubiri ya Juma. Hali hiyo huitwa mkwamo, na inafanana na magari mawili yaliyokutana katikati ya daraja jembamba. Hifadhidata nyingi hugundua mkwamo na kuuua muamala mmoja ili mwingine upite. Waandishi wa programu wenye uzoefu huepuka kufika huko kwa kufunga akaunti kwa mpangilio mmoja siku zote, kwa mfano yenye namba ndogo kwanza.

Dawa ya pili ni kuweka matoleo kadhaa ya kumbukumbu moja. Anayesoma hupewa picha ya hifadhidata jinsi ilivyokuwa muamala wake ulipoanza, na hahitaji kumsubiri anayeandika. PostgreSQL, Oracle na sehemu ya MySQL iitwayo InnoDB hutumia njia hii. Ni ya haraka, lakini ina mtego ambao wanafunzi wengi huukuta wakiwa tayari kazini. Chukua zahanati yenye kanuni kwamba lazima muuguzi mmoja angalau awe zamu usiku. Wako wawili zamu. Wote wawili, kila mmoja kwa simu yake, wanaomba kuondoka. Kila muamala unatazama picha yake, unaona wauguzi wawili, unahesabu kwamba akiondoka mmoja atabaki mwingine, na unakubali. Hawakuandika kwenye mstari mmoja, hivyo hakuna mgongano uliogunduliwa. Zahanati imebaki bila muuguzi.

Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kilitaja daraja nne za utengano, kuanzia ile inayoruhusu kusoma mabadiliko ambayo hayajathibitishwa hadi ile inayodai matokeo yawe kana kwamba miamala ilipita mmoja mmoja kwa foleni. Mwaka 1995 kundi la watafiti, Jim Gray akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba maelezo ya daraja hizo yalikuwa na utata na hayakutosha. Mpaka sasa jina la daraja moja halina maana ileile katika kila hifadhidata. Zaidi ya hayo, mipangilio ya awali inatofautiana: PostgreSQL huanza na daraja la pili kutoka chini, InnoDB huanza na la tatu. Programu iliyoandikwa kwa hifadhidata moja na kuhamishiwa nyingine inaweza kubadilika tabia bila mstari wake hata mmoja kuguswa. PostgreSQL ilipata njia ya kutoa daraja la juu kabisa bila kufuli nyingi katika toleo la 9.1 la mwaka 2011, lakini mtumiaji ni lazima aliombe, na awe tayari kurudia muamala unaokataliwa.

Hapa ndipo mabishano yalipo makali. Upande mmoja husema daraja la juu liwe kawaida, na anayetaka kasi ashuke kwa hiari akijua anachokipoteza. Upande mwingine husema mifumo mingi imeishi miaka na daraja la chini bila msiba, na kwamba kusubiri nako ni hasara. Hoja ya pili ina udhaifu mmoja: hitilafu za utengano hazitoi kelele. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo. Mfumo unaosemwa umeishi bila msiba huenda haujahesabiwa vizuri.

Hifadhidata mbili

Yote yaliyotangulia yanadhani akaunti ziko katika hifadhidata moja. Mara nyingi sivyo ilivyo. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kampuni nyingine zilifuata na huduma zao. Kwa miaka kadhaa mteja wa mtandao mmoja hakuweza kumwingizia pesa moja kwa moja mteja wa mtandao mwingine. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel ziliunganisha huduma zao Tanzania, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mwaka 2015 ikawezekana pia kutuma kati ya M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania. Jambo hilo ni kubwa kwa watu wa Tarime, ambako ndugu wa ukoo mmoja wa Kikurya wanaishi pande zote za mpaka wa Sirari na Isebania. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa TIPS wa kuunganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja.

Kila muungano wa namna hii unazaa swali lilelile: salio la mtumaji liko katika hifadhidata ya kampuni moja na la mpokeaji katika hifadhidata ya nyingine, na hakuna COMMIT moja inayozishika zote mbili.

Jibu la vitabuni ni uthibitisho wa awamu mbili. Msimamizi huuliza kila upande, uko tayari? Kila upande ukijibu ndiyo huwa umejifunga na hauwezi tena kukataa. Wote wakikubali, msimamizi hutangaza uthibitisho, na mmoja akikataa hutangaza kubatilisha. Ni kama ndoa, ambapo padri huwauliza wote wawili kabla ya kutamka kwamba ndoa imefungwa. Shida hutokea msimamizi akizimika baada ya wote kujibu ndiyo. Kila upande umebaki na kufuli mkononi, haujui uendelee au urudi, na kufuli hizo zinawazuia wateja wengine.

Kwa hiyo mifumo mingi inayovuka taasisi hutumia njia nyingine, iliyoelezwa na Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem mwaka 1987. Kazi ndefu hugawanywa katika miamala midogo, na kila mmoja huwa na muamala wa kuufidia. Salio la mtumaji hupunguzwa na kuthibitishwa kwanza, kisha ombi hupelekwa upande wa pili. Ukikataa, muamala wa kufidia humrudishia mtumaji pesa yake. Tofauti na njia ya kwanza ni kwamba kuna kipindi, sekunde au saa, ambapo pesa imetoka na haijafika. Mtu aliyewahi kuambiwa asubiri pesa yake irudi ameishi ndani ya kipindi hicho.

Ujumbe usiofika

Kuna tatizo ambalo halina ufumbuzi kamili, nalo ndilo linalomgusa zaidi mtu wa kijijini. Katika simu ndogo huduma hizi hutumia menyu ya namba, ile inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Mawasiliano ya menyu hiyo yana muda maalumu na hukatika kwa urahisi mtandao ukiwa hafifu. Mtumaji ameweka namba ya siri, amebonyeza kutuma, na kioo kimekatika. Je, ombi halikufika? Au lilifika, likathibitishwa, na jibu ndilo lililopotea? Kwa kutazama simu pekee hawezi kujua.

Jim Gray aliliita tatizo hili la majenerali wawili mwaka 1978: pande mbili zinazowasiliana kwa njia isiyoaminika haziwezi kamwe kuwa na hakika kamili kwamba zimekubaliana, hata zikitumiana majibu ya majibu bila kikomo, kwa sababu ujumbe wa mwisho daima unaweza kupotea.

Kinachowezekana ni kufanya kurudia kusiwe na madhara. Kila ombi hupewa namba yake ya kipekee, na hifadhidata hukataa kuingiza namba hiyohiyo mara mbili. Programu ikirudia ombi kwa sababu haikupata jibu, mfumo hujibu kwamba kazi hiyo ilishafanyika na hutoa matokeo yaleyale. Lakini kinga hiyo hufanya kazi kati ya kompyuta na kompyuta. Binadamu anayeanza upya kwenye menyu anatengeneza ombi jipya lenye namba mpya, na hapo mtoto wa hospitali anaweza kutumiwa 50,000 mara mbili na nauli ya kijana ikaisha. Ndiyo maana baadhi ya mifumo huzuia au huuliza tena mtu anapotaka kumtumia mtu yuleyule kiasi kilekile ndani ya dakika chache. Ushauri wa kuangalia salio kwanza kabla ya kurudia una msingi huo: salio husomwa kutoka hifadhidata yenyewe, si kutoka ujumbe uliopotea njiani.

Historia

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, alipendekeza data ipangwe katika majedwali yenye uhusiano. Katika kujenga mfumo wa majaribio wa wazo hilo, Jim Gray na wenzake walifanyia kazi kufuli, daftari la mabadiliko na urejeshaji baada ya ajali. Makala ya Gray ya mwaka 1981 ndiyo iliyoeleza wazo la muamala kwa ufasaha, na mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Tarehe 28 Januari 2007 alisafiri peke yake kwa mashua kutoka San Francisco kwenda visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake, na hakuonekana tena. Wiki chache baadaye M-Pesa ilianza kuhudumia Wakenya. Hayo mawili hayahusiani kwa lolote ila tarehe.

Miaka ya 2000 kampuni kubwa za intaneti zilianza kuiona miamala mikali kuwa mzigo. Eric Brewer alidai mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kihisabati mwaka 2002, kwamba mfumo uliotawanyika mtandao unapokatika hulazimika kuchagua kati ya kutoa jibu sahihi na kutoa jibu lolote. Wengi walichagua la pili, na karibu na mwaka 2009 likaja wimbi la hifadhidata zilizojitangaza kuwa si za SQL. Wimbi hilo limerudi nyuma kwa sehemu. Google ilieleza mwaka 2012 mfumo wake wa Spanner, wenye miamala kamili kati ya vituo vilivyo mbalimbali duniani, na MongoDB, moja ya majina makubwa ya wimbi hilo, iliongeza miamala ya nyaraka nyingi mwaka 2018.

Mabishano kuhusu lugha

Waandishi wa programu wakikutana, swali la lugha ipi ni bora halikosekani. Afrika Mashariki inatoa mifano inayotuliza ubishi kidogo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, Kenya, uliandikwa kwa Java ukitumia hifadhidata ya MySQL. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania kukusanya takwimu za afya, umeandikwa pia kwa Java na hutumia PostgreSQL. Ushahidi, uliotengenezwa kwa haraka wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2008, ulikuja kuwa jukwaa lililoandikwa kwa PHP. Mabenki mengi duniani bado yana msimbo wa COBOL, lugha ya mwaka 1959.

Wapenzi wa Java na lugha za jamii yake husema kwamba lugha inayodai aina ya kila thamani itangazwe mapema hukamata makosa kabla programu haijaendeshwa. Wapenzi wa Python na PHP hujibu kwamba msimbo mfupi una mahali pachache pa kujificha kosa. Kuhusu miamala, kila upande unaweza kushindwa vilevile. Tatizo la akaunti ya mume na mke linaweza kuandikwa katika lugha yoyote: soma salio, toa hesabu kwenye programu, andika salio jipya. Kinachookoa ni kumwachia hesabu mwenye kufuli, yaani hifadhidata, kama ilivyo katika mfano wa SQL hapo juu unaosema salio lipunguzwe badala ya kusema salio liwe kiasi fulani.

Kuna kosa moja la lugha ambalo kweli hugharimu fedha. Lugha nyingi huhifadhi namba zenye desimali kwa mfumo wa jozi, ambao hauwezi kuandika moja ya kumi kwa usahihi. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 katika Python au JavaScript hupati 0.3 bali 0.30000000000000004. Senti hazitumiki tena madukani Tanzania, lakini riba, makato ya asilimia na viwango vya kubadilisha shilingi za Kenya kuwa za Tanzania vyote vina desimali. Kwa hiyo fedha huhifadhiwa kama namba kamili za kipimo kidogo kabisa, au kwa aina maalumu ya namba za desimali, na kanuni ya kukadiria huandikwa wazi. Katika hili hakuna mabishano ya maana.

Utatuzi wa hitilafu

Kutafuta hitilafu katika miamala ni kazi ngumu kuliko kawaida. Hitilafu ya kwanza inayosimuliwa madarasani, nondo aliyekutwa kwenye kompyuta ya Harvard Mark II mwaka 1947 na kubandikwa kwenye daftari la kazi, ilikuwa rahisi: ilionekana kwa macho. Katika makala ya mwaka 1985 kuhusu kwa nini kompyuta husimama, Gray alitofautisha hitilafu ngumu, zinazotokea kila ukirudia hatua zilezile, na hitilafu laini, ambazo hutoweka ukizitazama. Hitilafu za utengano ni za kundi la pili. Zinahitaji miamala miwili ikutane ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na mtu anayeendesha programu polepole, mstari kwa mstari, ameshavunja makutano hayo kabla hajayaona.

Tabia za watatuzi zinatofautiana. Wapo wanaotegemea zana za kusimamisha programu na kuikagua ndani. Wapo, Brian Kernighan akiwa mmoja wa watetezi wao wanaojulikana, wanaopenda kufikiri kwanza na kuweka mistari michache inayochapisha kinachoendelea. Kwa miamala kundi la pili lina faida, kwani maandishi hubaki baada ya tukio na yanaweza kulinganishwa na daftari la hifadhidata. Lakini hata kuchapisha hubadilisha kasi ya programu, na pengine huficha kosa. Njia iliyopata nguvu zaidi ni kuwa mkorofi makusudi: kuendesha maelfu ya miamala kwa pamoja huku mitambo ikizimwa na mtandao ukikatwa, kisha kuhesabu kama jumla ya pesa haijabadilika. Kyle Kingsbury amefanya hivyo hadharani tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Jepsen, na amekuta ahadi zisizotimizwa katika hifadhidata nyingi zenye majina.

Hesabu hiyo ya jumla hufanywa pia nje ya maabara. Taasisi za fedha hulinganisha daftari zao na za wenzao kila siku, na kila muamala ulio upande mmoja bila kuonekana upande wa pili hutafutwa mmoja mmoja. Mawakala nao wamezoea kuandika kwa mkono kwenye daftari la karatasi namba ya muamala, jina na kiasi. Pale mteja anaposema pesa haikufika na mfumo unasema ilifika, namba ya muamala iliyoandikwa kwenye ukurasa huo ndiyo hutumika kuufuatilia.